Mtani Kwenye Kiti Changu

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, binti yangu Felista aliponipigia simu kutoka Mpanda mjini na kuniambia, "Baba, baba amefariki." Mtu mwingine angedhani mwanawe amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa mara moja. Nilimwuliza ni saa ngapi, akasema alfajiri, kabla ya adhana, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfumba macho. Nikasema Mungu amrehemu. Kisha nikakaa kwenye ukingo wa kitanda nikiwa nimeshika simu iliyokwisha kukatika, na jambo la kwanza kunijia halikuwa huzuni. Lilikuwa swali: siku yangu ikifika, je, atalitamka neno lile kwa sauti ile ile? Nilipomweleza mke wangu Skolastika, aliyekuwa akiwasha moto jikoni, alikaa juu ya kinu, akajifunika uso kwa khanga, akalia. Nilisimama mlangoni nikimtazama. Alilia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, na mimi, mzee wa kuitwa babu, niliona wivu uleule wa zamani ukiamka tumboni kama njaa.

Aliyekufa ni Kasimu, aliyekuwa na bucha karibu na soko. Alikuwa Mnyamwezi, na mimi ni Mfipa. Kwa desturi za huku kwetu makabila hayo mawili ni watani. Mtani anaweza kuingia kwako bila kupiga hodi, akala chakula chako, akamwita mkeo mke wangu na mwanao mwanangu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Anayekasirika ndiye mkosaji, na hutozwa faini. Mmoja wao akifa, mwenzake ndiye anayekwenda msibani kumwigiza, kumsema, kuzuia maziko hadi alipwe, ili waliofiwa wapate kucheka kidogo katikati ya machozi. Kwa hiyo nilijua kilichokuwa kikinisubiri. Mimi si mtu wa vichekesho. Nilitoa baiskeli, nikaijaza upepo, nikamwambia Skolastika afuate na gari la saa nne, nikashika barabara ya kutoka Kasokola kwenda mjini. Bado naendesha baiskeli. Kama nitakavyoeleza, hilo nalo ni deni kwa Kasimu.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, karani katika ghala la tumbaku, nimepanga vyumba viwili mtaa wa Makanyagio, hapo mjini. Shule niliishia darasa la saba, lakini nilijifunza mwenyewe mwandiko mzuri, kupiga taipu, na namna ya kuandika kumbukumbu za kikao, kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada nilichokinunua kwa bei ndogo sokoni. Elimu hiyo ndiyo iliyoniponza. Mji ulikuwa mdogo, na kila jambo lilikuwa na kamati. Kamati zina wenyeviti wengi wanaojitolea, lakini katibu hapatikani kirahisi. "Mtafuteni yule kijana mwenye mwandiko," walisema, na mimi nilitafutika. Nikawa katibu wa kamati ya ujenzi wa kigango, kanisa dogo la Kasokola, katibu wa kamati ya shule, katibu wa kamati ya kisima, katibu wa timu ya mpira ya mtaa. Juu ya hizo zilikuja za muda, za harusi na za misiba, ambazo haziishi kwa sababu watu hawaachi kuoa wala kufa. Kila nilipochaguliwa, watu walipiga makofi. Nisidanganye: niliyapenda makofi yale kuliko mshahara.

Timu ndiyo iliyonigharimu mapema zaidi, ingawa sikuona. Nilikuwa winga wa kushoto, jezi namba kumi na moja, na nilikuwa na mbio. Waliponichagua katibu nilidhani nimepandishwa cheo. Lakini katibu wa timu hukaa mezani kando ya uwanja, huandika majina, hupokea barua za wapinzani, hubishana na refa. Mwanzoni nilikaa mezani nikiwa nimevaa viatu vya mpira, nikitegemea kuingia kipindi cha pili. Baadaye nikaacha kuvaa viatu. Skolastika aliikunja jezi akaiweka sandukuni chini ya mashuka, na mimi nikaanza kunenepa mahali pabaya, kiunoni, huku mikono na miguu ikikonda. Nilikuwa nikipanda baiskeli kwenda Kasokola siku ya Alhamisi na kuisukuma kwenye kilima kidogo nilichokuwa nikikipanda nikiimba.

Kasimu alishuka kwenye treni ya Tabora na begi moja la turubai na seti ya visu. Mke na watoto aliwaacha kwao mpaka atakapopata pa kukaa. Alipanga chumba ukuta kwa ukuta na sisi. Kazi ya bucha ina siri moja ambayo sisi makarani hatuna: nyama huisha. Mwenye bucha huamka gizani, lakini saa nne asubuhi ndoano zake ni tupu, anaosha meza, na baada ya hapo siku yote ni yake. Jioni yake ya kwanza mtaani aliingia kwetu bila hodi. Mimi nilikuwa nimesimama na mafaili kwapani, natoka. Alikuwa mrefu, mabega mapana, anacheka kabla hajasema.

"Nimeambiwa hapa anaishi Mfipa," alisema. "Nimekuja kuangalia mali yangu." Akamgeukia Skolastika. "Huyu ndiye mke wangu? Mbona nyie Wafipa mmenikondeshea hivi?"

"Toka hapa, mbeba mizigo wewe," Skolastika alimjibu bila kuacha kuchambua mchele. "Umeshuka na mzigo wa nani?"

"Mzigo niliotumwa kubeba ni wewe. Na huyu mdogo nitamweka juu, kichwani."

Felista, aliyekuwa na miaka sita, aliuliza kama kichwani atafika bila kuanguka. Wote tulicheka. Nilicheka hata mimi, nikaenda zangu kwenye kikao cha kisima. Nakumbuka kicheko chao kilinifuata mpaka kona ya nyumba ya jirani, na kwamba kiliendelea baada ya mimi kuacha kusikia maneno.

Ndani ya chumba chetu cha mbele kulikuwa na meza, benchi, na kiti kimoja cha mninga chenye mikono, nilichokinunua kwa mshahara wangu wa kwanza. Kilikuwa kizito kiasi kwamba Felista hakuweza kukisogeza. Kilielekea mlangoni, ili anayekikalia aone anayeingia. Hicho ndicho Kasimu alichokichagua. Alikuja alasiri na maini yaliyofungwa kwenye gazeti, damu ikichuruzika kwenye vidole vyake, akamkabidhi Skolastika, akakaa. Skolastika aliyakaanga kwa vitunguu na nyanya, akasonga ugali, wakala jua likiwa bado lipo. Mimi nilirudi nikakuta sahani imefunikwa kwa bakuli. Mara nyingi yalikuwepo maini humo, sitasema uongo, vipande vizuri tu. Lakini yalikuwa yamepoa na mafuta yameganda, na nyumba nzima ilinukia maini ya moto ambayo sikuyala. Nilipokaa kwenye kiti changu nilikihisi bado kina joto. Mtu anaweza kuvumilia mengi, lakini kukalia joto la mwanaume mwingine nyumbani kwako, ukila ugali wa baridi, si jambo dogo.

Felista naye alianza kubadilika ulimi. Asubuhi moja alinisalimia, "Wangaluka, baba," salamu ya Kinyamwezi. Nilimwambia sisi ni Wafipa, aniamkie kwa Kiswahili au kwa Kifipa. Akaniuliza Kifipa wanaamkianaje. Nikafungua mdomo kumfundisha, nikasikia kengele ya baiskeli nje: mwenyekiti wa kamati ya shule alikuwa amekuja na bahasha. Nikamwambia nitamfundisha jioni. Jioni hiyo nilikuwa na vikao viwili.

Siku hizi vijana wana maneno mengi ya kueleza hali ya mtu aliyejibebesha mambo mpaka yakamzidi. Wanasema ubongo umegoma, wanakwenda likizo, wanapima shinikizo la damu. Nimesoma vitabu kuhusu mambo hayo, nikiwa peke yangu kama nilivyosoma kila kitu, na nimekuta mengi ni kweli. Wakati ule tulikuwa na neno moja, kuchoka, na mtu aliyechoka alitakiwa kulala akaamka mzima. Mimi nililala nikaamka nimechoka. Nilisoma barua nikafika mwisho bila kujua imesema nini. Nilisahau jina la mwenyekiti niliyekaa naye kila wiki, nikawa nakohoa ili wengine walitaje. Mikono yangu ilitetemeka mpaka mwandiko, ule mwandiko wenyewe, ukaanza kupinda. Lakini kila mtu akiniuliza kama nina nafasi, nilisema ninayo.

Homa ndiyo iliyonilaza. Sijui kama ilikuwa malaria. Nilimeza dawa kama kila mtu. Nilikuwa kitandani chumba cha ndani mchana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu tuhamie, na ukuta wa katikati haukufika kwenye paa, kwa hiyo niliisikia nyumba yangu kama mtu asikilizaye redio ya jirani. Nilisikia Kasimu akiingia, kiti kikilia chini ya uzito wake, gazeti la maini likifunguliwa.

"Felista," alisema, "hivi baba yako anafanya kazi gani?"

"Anaandika watu."

"Watu gani?"

"Wanaooa na waliokufa."

"Na wewe ameshakuandika?"

"Mimi bado. Mimi sijaoa na sijafa."

Kasimu alicheka mpaka akakohoa. Skolastika hakucheka. "Usicheke, mtani," nilimsikia akisema. "Wewe hukumwona zamani. Alikuwa anakimbia huyu! Mpira ukienda pembeni watu wanasimama kabla hajaufikia. Mimi nilimpendea mbio. Nilikuwa namfulia jezi. Sasa nafua mashati ya wino."

"Jezi iko wapi?"

"Ipo sandukuni, inaliwa na mende."

"Si unipe mimi, mke wangu, niivae. Timu inafungwa kila Jumapili, winga yao ni kama mama mkwe wangu."

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na sauti. Lakini nilingoja kusikia Skolastika atajibu nini, na nikasikia mlio wa bawaba za sanduku. "Chukua," alisema. "Angalau itaona jua." Nilijigeuzia ukutani. Kitanda kilikuwa kimelowa jasho langu, na kwenye chumba cha mbele walikuwa wakicheka kwa sababu jezi ilimbana Kasimu kifuani.

Jumapili iliyofuata nilikaa mezani kando ya uwanja, bado nimedhoofika, nikaandika orodha ya wachezaji. Namba kumi na moja ilibidi niiandike kwa mkono wangu: Kasimu. Alicheza vizuri. Laiti angecheza vibaya. Hakuwa na mbio zangu, lakini alikuwa na kifua, na mabeki walimwogopa kama ng'ombe wanavyowaogopa watu wa bucha. Kipindi cha pili alipokea mpira pale pale nilipokuwa nikiupokea mimi, karibu na chaki ya pembeni, na nikasikia sauti ninayoifahamu kuliko zote duniani ikipiga kelele, "Baba! Baba! Piga!" Niliinua kichwa haraka, nikiwa na kalamu mkononi. Felista alikuwa amesimama hatua chache kutoka mezani pangu, na hakuwa akinitazama mimi.

Kuanzia siku hiyo nilimpeleleza mke wangu. Nilirudi ghafla mchana kwa kisingizio cha kusahau funguo. Nilikuta Kasimu anamfundisha Felista kuruka kamba na Skolastika anashika upande mmoja, sketi ameikunja kiunoni, anahema, uso unang'aa. Hapakuwa na kingine. Nilichungulia siku nyingine, nikakuta wamelala kwenye jamvi watatu, Felista katikati, wanasikiliza redio. Hapakuwa na kingine. Ningekuta jambo baya ningekuwa na haki, ningepiga kelele, mtaa ungenipa pole. Nilichokuta ni watu wenye nafasi. Niliwaonea wivu wote watatu, na sikujua wivu wa namna hiyo unapelekwa ofisi gani.

Kisha likaja kosa lenyewe. Wiki hiyo nilikuwa katibu wa harusi moja na wa msiba mmoja, na muhtasari wa kila kimoja niliuandika kwenye karatasi za aina ileile nilizopewa ghalani. Jumamosi alasiri tulikaa kwenye kikao cha harusi, nyumbani kwa mjomba wa bwana harusi. Watu walijaa, bwana harusi mwenyewe alikuwepo amevaa shati jeupe, na Kasimu alikuwepo kwa sababu ndiye aliyepewa kazi ya nyama. Mwenyekiti akasema, "Katibu, tusomee tulipoishia." Nikasimama, nikafungua bahasha, nikasoma kwa sauti yangu ya vikao. Nilisoma kwamba mwenyekiti alifungua kwa kuwapa pole wanafamilia. Nikasoma kwamba mwili utalala nyumbani, na asubuhi utapelekwa kanisani. Nikasoma kuhusu mbao na misumari. Sikusikia nilichokuwa nasoma. Sauti ilitoka yenyewe. Nilistuka pale shangazi wa bwana harusi aliposhika kichwa na kulia, "Toba! Wamemwua mtoto wetu!"

"Katibu," mwenyekiti aliniuliza taratibu, "nani amekufa?"

Nilitazama karatasi, nikamtazama bwana harusi, naye alikuwa akijipapasa kifua kama anayehakikisha. Ndipo Kasimu aliposimama nyuma ya chumba. "Msishangae, jamani, Mfipa huyo! Wenzake wakimroga mtu hukaa kimya. Huyu anasoma kabisa kwenye kikao!" Nyumba ilipasuka kwa kicheko. Shangazi alicheka. Bwana harusi alicheka na machozi. Leo naelewa kwamba Kasimu aliniokoa, kwa sababu baada ya kicheko kile hakuna aliyekuwa na nafasi ya kukasirika. Siku hiyo nilichosikia ni watu wakimpigia makofi. Makofi yangu.

Niliondoka kwa miguu bila kuaga. Nilizunguka stesheni, nikakaa kidogo kwenye magogo, kisha nikaelekea nyumbani. Kasimu alikuwa amenitangulia kwa baiskeli. Nilipofika mlangoni nilimkuta kwenye kiti changu, Felista gotini, anamsimulia Skolastika habari yote kwa kuigiza sauti yangu, na Skolastika anacheka huku ameshika mbavu.

"Karibu, katibu," Kasimu alisema. "Tulikuwa tunakungoja utusomee. Leo sisi tunaolewa au tunazikwa?"

Nilikishika kiti kwa mikono yote miwili nikakipindua. Sikujua kwamba bado nilikuwa na nguvu hizo. Kasimu alianguka upande, na Felista akaanguka pamoja naye, akagonga paji la uso kwenye mguu wa meza, damu ikatoka. Nilinyoosha mikono kumchukua. Akanizunguka. Alinizunguka, kama mtu anavyozunguka dimbwi la maji, akaenda kujificha shingoni mwa Kasimu, akamwambia, "Baba, twende kwako."

"Baba Felista," Skolastika alisema, na kicheko kilikuwa kimemtoka chote, "umekasirikia utani?" Aliniuliza kama mtu anavyoulizwa kama ameiba.

Kasimu alimtua mtoto taratibu, akasimama, akajifuta vumbi. Angeweza kunivunja kama kijiti. "Mfipa," alisema, "sasa umenipa mali. Utalipa faini." Kisha akatoka, na mimi nikabaki na kiti kilichopinduka na watu wawili waliokataa kunitazama.

Kesho yake jioni walikuja wazee wawili, mmoja wa kwetu na mmoja Mnyamwezi aliyefanya kazi reli. Hicho ndicho kikao pekee mwaka ule ambacho sikuwa katibu. Walikaa kwenye benchi pamoja na Kasimu. Kiti cha mninga kiliachwa wazi, hakuna aliyethubutu.

"Kijana, ni kweli umemwangusha mtani?" mzee wa kwetu aliniuliza.

"Ni kweli."

"Alikuwa amelewa?"

"Hapana. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu."

"Sasa ulitaka mtani akae wapi?"

Skolastika, aliyekuwa amesimama kwenye pazia, alikohoa kuficha kicheko. Mzee wa reli akasema desturi inajulikana, ni jogoo, na kama amemwaga damu ya mtoto ni jogoo wawili. Nilikuwa nimeshawaandaa, wamefungwa miguu uani. Lakini Kasimu alikataa. "Wazee, mimi nina bucha. Jogoo wa nini? Faini yangu ni hii. Aje uwanjani saa kumi na nusu, kila siku, tufanye mazoezi, mpaka mwezi mwingine uandame. Na mtoto aje kutazama."

"Nina vikao," nilisema.

"Mmesikia, wazee? Ana vikao."

Mzee wa kwetu, Mfipa mwenzangu niliyemtegemea, alianza kukunja mikono ya shati. "Faini imekwisha kutajwa," alisema. "Lete maji tunawe, hao jogoo tutawala hata hivyo."

Faini ya utani haikatiwi rufaa. Nilikwenda. Siku ya kwanza nilikimbia kuzunguka uwanja na kutapika kwenye nyasi, mbele ya vijana niliokuwa nikiwaandika majina. Kasimu alipita, akasema, "Andika hiyo kwenye kumbukumbu," akaendelea kukimbia. Nilicheza beki ya kushoto, nyuma yake, kwa hiyo kwa muda wa mwezi mzima nilitazama namba yangu ikiwa mgongoni mwa mtu mwingine. Sikuwahi kumpenda katika siku hizo, nataka lieleweke. Wivu ndio ulionikimbiza. Nilitaka kumpita kwa mbio, mara moja tu, Felista akiwa anatazama, na ili kumpita ilinibidi nilale mapema, nile kwa wakati, niamke nikanyooshe miguu kabla ya kazi. Mwezi ulipoandama nilikuwa bado sijampita. Nikaendelea kwenda.

Kamati zilianza kuniita na mimi nikawa nimefungwa na faini. Niliwaandikia barua za kujiuzulu moja baada ya nyingine, nikazipiga taipu, nikieleza sababu kwa kirefu, nikitarajia watakuja kunibembeleza. Kamati ya kisima walimpata katibu mwingine alasiri ileile. Kamati ya shule walimpa kijana mmoja wa dukani ambaye mwandiko wake ulikuwa kama kuku ametembea kwenye tope. Nilipita pale kwenye kikao chao nikawasikia wakimpigia makofi, na nitakiri kwamba nilisimama nyuma ya dirisha kwa muda, roho ikiniuma. Nilidhani nilikuwa nguzo ya mji ule. Kumbe nilikuwa kalamu, na kalamu huazimwa.

Nilibaki na kigango cha Kasokola peke yake, kwa sababu huko ndiko kwa wakwe zangu, na niliamua kwamba safari hiyo sitaifanya tena peke yangu. Tukawa tunakwenda Jumapili, sote watatu, kwa miguu, baiskeli imebeba maji na chakula. Mwanzoni Felista alitembea upande wa mama yake. Paji lake lilibaki na kovu dogo, na akikunja uso lilionekana. Ilichukua Jumapili nyingi kabla hajashika mkono wangu, na alipoushika alikuwa ananionyesha jinsi Kasimu anavyochuna mbuzi. Habari zake zote zilikuwa za Kasimu. Nilizisikiliza zote, za visu, za treni, za Tabora, njia nzima, meno nimeyauma. Mahali fulani kabla ya mashamba ya mahindi aliniuliza Kifipa wanaamkianaje asubuhi. Nilimfundisha. Alilirudia neno mpaka tukafika, akawaamkia nalo babu na bibi, na jioni nilipita kwa Kasimu na kumwambia, "Mnyamwezi, mtoto wangu amekataa lugha ya wapagazi." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtania. Alinitazama kwa mshangao, kisha akanipisha nafasi kwenye jamvi.

Hayo yote nilikuwa nayo kichwani nilipofika msibani. Watu walijaa uani, wanawake ndani, wanaume chini ya turubai. Wanawe wa kuzaa, waliokuja na mama yao mwaka uliofuata ule na kukulia hapa, walinipokea kwa heshima. Felista sikumwona, niliambiwa yuko ndani na wafiwa. Nilikunywa maji. Niliposikia wanaandaa kulitoa jeneza, nilikwenda chumba cha mbele, nikachukua kiti kikubwa cha marehemu, nikakibeba mpaka mlangoni, nikakitega katikati, nikakaa. Mlango ulizibika.

"Hatoki mtu," nilisema. Mimi si mtu wa vichekesho. "Huyu mpagazi alikaa kwenye kiti changu mwaka mzima. Leo mimi nimekaa kwenye chake. Alikula maini ya nyumbani kwangu."

"Aliyaleta yeye!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Alivaa jezi yangu, na hajairudisha. Alimwita mke wangu mke wake, na leo asubuhi mke wangu amemlilia mpaka moto ukazimika. Mimi sijanywa hata chai. Na msiseme Mfipa amemroga. Ningemroga zamani, nilikuwa na sababu zote." Kicheko kilianza uani, kikaingia ndani, kikachanganyika na vilio. Shehe alitazama saa yake lakini naye alikuwa akitabasamu. Mtoto mkubwa wa marehemu akanipa shilingi mia tano. Nilizitupa chini. "Mia tano ni ya jezi. Yupo mtoto wangu aliyechukuliwa. Huyo nani atamlipia?"

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Felista alitoka kati ya wanawake, kichwa kimefungwa khanga, macho yamevimba, mwanamke wa zaidi ya miaka thelathini sasa, kovu likionekana kwa sababu uso ulikuwa umekunjamana. Alisimama upande wa jeneza, na upande wangu hapakuwa na mtu. Alifungua fundo la khanga yake. Nilidhani atanicheka, au ataniambia basi, baba, inatosha. Alipiga goti kama mfiwa anavyompigia mtani, akanyoosha mikono yote miwili yenye noti zilizokunjwa.

"Wangaluka, mtani," alisema. "Pokea. Mwache baba yangu apite."

Kisha, kwa sauti ndogo ambayo nadhani mimi peke yangu niliisikia, akaniamkia tena, kwa Kifipa.

Nilipokea, nikasimama, nikakiondoa kiti mwenyewe, nikaingia chini ya jeneza upande wa kushoto, nikabeba. Fedha sikuzihesabu mpaka niliporudi Kasokola jioni. Kwa maini, kwa jezi, kwa joto la kile kiti, kwa neno ambalo Felista alimwita mtu mwingine mbele yangu miaka yote ile, nililipwa shilingi elfu mbili.